Mbuni Ana Vidole Vingapi

Mwaka wa tisini na tisa Bwire, mwenye bucha pale Soko la Burma, alinunua simu ya mkononi, nami nikakosa amani. Mimi ni Nangila, mtunza vitabu katika maktaba ndogo ya kanisa letu, mtaa wa Jericho. Wateja wake wakibishana huku wakisubiri nyama iive, yeye huyo, anapiga simu ya ofisini kwangu.

"Madam Nangila, mbuni ana vidole vingapi kila mguu? Huku watu karibu wapigane!"

"Bwire, hapa ni maktaba, si mahakama!"

Lakini mimi swali likiniingia kichwani silali. Niliulaza mkono wa simu mezani, nikavuta droo ya kadi za vitabu vya ndege, nikaenda rafuni. Nilitembea polepole makusudi, maana dakika za simu zilikuwa zake.

"Viwili," nikamwambia.

Nikasikia vicheko, na panga likigonga gogo. "Asante, Madam! Kweyu aliyesema vitatu ameshindwa. Leo mbavu za wote ni juu yake."

"Kumbe anayeshindwa hununua mbavu?"

"Kila siku."

Miezi mitatu ninawajibu, na sijaonja hata mfupa!

Kesho yake akapiga tena: twiga ana mifupa mingapi shingoni? Nikatafuta, nikapata. Nikafunga kitabu, nikakitia kwapani, nikaushika mkono wa simu.

"Jibu ninalo," nikasema. "Ninakuja nalo kwa miguu. Mkila kabla sijafika, mtabishana mpaka Krismasi."