Sekunde Ishirini za Ernesta

Yusta, mkufunzi wa hisabati katika chuo kimoja cha ualimu Kasulu, ndiye aliyeanzisha kurekodi vipindi. Wanachuo walipofanya mazoezi ya kufundisha, alisimamisha simu yake juu ya rundo la vitabu nyuma ya darasa, kisha jioni wakakaa pamoja kuangalia: hapa umeligeuzia darasa mgongo, hapa swali umelijibu mwenyewe. Kabla muhula haujaisha, hata wale waoga walikuwa wanafundisha wakasikika.

Ndipo Raymond, makamu mkuu wa chuo, akaomba nakala za video hizo kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi. Yusta akampa.

Jumatatu asubuhi alifungua kundi la wakufunzi la WhatsApp, akakuta kipande cha sekunde ishirini. Ernesta, binti kutoka Murungu kule Kibondo, alikuwa ubaoni akifundisha hesabu za sehemu. "Watoto wawiri wanakura ndizi moja," alisema, Kiha cha nyumbani kikimshika ulimi. Chini yake Raymond alikuwa ameandika: "Walimu wetu wa kesho hao. Uchaguzi umeanza, ndizi inapigiwa kura!" Vicheko vikafuata. Kufikia saa nne kipande kile kilikuwa kwenye simu za wanachuo, na Ernesta alikuwa ameshafunga begi na kuondoka.

Yusta aliingia ofisini kwa Raymond bila hodi.

"Ule ulikuwa utani tu, Mwalimu Yusta."

"Utani wa nani? Aliyecheka ni wewe. Mwenzio amekimbia chuo."

"Sasa kama hawezi kuvumilia kuchekwa, ualimu atauweza?"

"Kipindi kile ni cha dakika arobaini! Ernesta alikata ndizi ya kweli mbele ya darasa, na mwanachuo mwenzake Nickson, ambaye tangu shule ya msingi hakuwahi kuelewa kwa nini robo mbili ni nusu, akaelewa siku ile. Hayo hukuyaona. Uliona ulimi."

Raymond akavuta faili, akajifanya anasoma.

Kesho yake Yusta alipanda basi hadi Kibondo, kisha bodaboda hadi Murungu. Alimkuta Ernesta na mama yake uani wakipura maharage. Ernesta akaamkia, macho chini. Mama hakuacha fimbo yake.

"Mwalimu, huyu mwanangu mlimrekodi. Mlimwuliza?"

"Niliuliza darasa zima, mama. Walinyoosha mikono."

"Siulizi darasa. Yeye mlimwambia picha zake zitafika wapi?"

Siku mbili hasira yote ya Yusta ilikuwa kwa Raymond. Sasa sehemu yake ilimgeukia mwenyewe. Nakala alizitoa yeye, kwa mkono wake.

"Sikumwambia," alisema. "Ernesta, nisamehe."

"Nitarudi, madamu," alisema Ernesta. "Lakini Mwalimu Raymond aniombe radhi mbele ya darasa. Si kwenye WhatsApp."

Mkuu wa chuo alitaka yaishe kimyakimya. Yusta akakataa, akamwandikia barua ya kudai Raymond aombe radhi darasani. Wakufunzi saba walitia saini, wanne kati yao wakiwa wale wale waliocheka.

Alhamisi Raymond alisimama mbele ya darasa, akasema haraka, "Samahani kama kuna aliyeumia."

"Kama?" Ernesta aliinuka. "Nimeumia. Na jina langu unalijua."

Raymond akamgeukia.

"Ernesta," akasema, "nilikukosea. Naomba radhi."

Ernesta aliitikia kwa kichwa, akaketi.

Siku hizi nakala ya kipindi hukaa kwa aliyerekodiwa, na hakuna ofisi inayoichukua bila yeye kukubali. Hilo walilipata. Lakini Raymond hakupewa hata onyo la maandishi. Bado ni makamu, bado anasaini ratiba za mazoezi ya kufundisha. Hilo Yusta hajaweza kulimeza hadi leo, na kila kikao cha wakufunzi hunyoosha mkono kulisema tena.