Maji ya Silinda ya Tatu

Jumamosi asubuhi, baada ya chai, seremala alichukua kipande cha plaiwudi, akatoboa matundu kwa mpangilio uleule wa bolti zinazoshika kichwa cha injini, akakiweka chini kando ya pikapu. Kila bolti itakayofunguliwa ingechomekwa kwenye tundu lake, isije ikaleta ubishi wakati wa kurudishwa. Kaka wa mkewe, makanika wa mabasi aliyekuja kutumia siku yake ya mapumziko kwa kazi ya shukrani, alikitazama kibao hicho na kusema kwamba kwao gereji bolti zote hutupwa kwenye kopo moja la rangi na hakuna aliyekufa. Hata hivyo alikitumia.

Pikapu ilikuwa ya dizeli, kuukuu lakini haina makuu. Ilibeba vitanda, makabati na milango kwenda kwa wateja, na bila hiyo seremala angebaki na milango isiyo na nyumba. Dereva alikuwa mkewe, kwa sababu seremala akishika usukani hutazama madirisha ya watu badala ya barabara.

Mke ndiye aliyegundua kwamba gari linakunywa maji. Alijaza rejeta asubuhi, na jioni aliikuta kavu, injini inachemka. Chini ya gari palikuwa pakavu. Moshi haukuwa mweupe, na oili haikuwa na hata tone la maji. Maji yale yalikuwa yanakwenda mahali, na yeye hakuwa mtu wa kupata usingizi na swali kama hilo kichwani.

Makanika alikuwa amewaagiza kwa simu watie rangi kwenye rejeta kisha waangalie itatokea wapi. Alimaanisha rangi maalumu ya mafundi magari. Seremala alitia rangi nyekundu ya kupaka makabati, kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo na ndiyo aliyoiamini.

Rangi ilitokea kwenye shuka za shangazi yake.

Shangazi huyu ndiye aliyemlea seremala. Aliishi peke yake mtaa wa bondeni, upande wa pili wa mji. Mabomba ya huko yalikauka tangu idara ya maji ilipoligeuza bomba kuu kuelekea nyumba mpya za mlimani, zenye bustani. Watu wa bondeni waliombwa wavumilie kidogo. Walivumilia, na watoto waliozaliwa ndani ya uvumilivu huo sasa walikuwa wananyoa ndevu. Lakini bomba la uani kwa shangazi lilikuwa limeanza kutoa maji tena, ya uvuguvugu, yenye harufu kidogo ya dizeli. Alijua ni watu wa idara wamemkumbuka, akafurahi, akaanza kufua kila siku. Shuka zake nyeupe zilipogeuka rangi ya kabati, alimpigia seremala simu kumuuliza kama rangi ile hutoka kwa sabuni au kwa tapentaini.

Mke wa seremala aliomba simu. Aliuliza maji hayo hutoka wakati gani. Shangazi alisema hutoka asubuhi, hukatika mchana watu wanapokula, kisha huendelea mpaka jioni, na Jumapili hayatoki kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa ratiba ya pikapu. Basi ikajulikana.

Hawakumwambia shangazi kitu. Gasketi ilikuwa imeungua, lile bati jembamba linalokaa kati ya injini na kichwa chake ili maji na moto visikutane. Makanika hakuzungusha maneno: wakiendelea hivyo kichwa kitapinda au kupasuka, na hapo hawatakuwa na gari wala kazi.

Kwa hiyo Jumamosi hiyo makanika aliwasha injini kwa muda, akatazama mapovu yakipanda kwenye rejeta, akazima. Walimwaga maji, wakachomoa mipira, wakalegeza bolti kidogo kidogo kuanzia pembeni kuja katikati. Kichwa walikinyanyua wote watatu na kukilaza juu ya magogo. Gasketi ya zamani ilibanduka vipande vipande. Pale kwenye silinda ya tatu ilikuwa na mstari mweusi ulioungua kuanzia kwenye tundu la maji. Seremala alileta rula yake ya chuma, akailaza juu ya kichwa, akachungulia kama mwanga unapita chini yake. Haukupita. Alifurahi kama kwamba ule ulikuwa ubao wake mwenyewe alioupiga randa.

Hapo ndipo waliposikia mtu anagonga chuma kwa kijiko. Sauti ilitoka kwenye tundu la maji la silinda ya tatu. Ikafuatiwa na kikohozi. Makanika alifuta mikono na kusema kwamba mabasi nayo huongea, ila yana matusi.

Mke wa seremala aliinama.

"Shangazi, ni sisi."

"Mko wapi?"

"Nyumbani. Tumefungua injini."

"Ndiyo maana maji yamekatika," ilisema sauti kutoka ndani ya chuma. "Nimebaki na sabuni kichwani."

Ikabidi aelezwe yote. Alisikiliza bila kuingilia, isipokuwa pale penye rangi ya kabati, ambapo alimwita seremala mjinga tangu utotoni.

"Kwa hiyo watu wa idara hawajanikumbuka," alisema.

"Hawajakukumbuka, Shangazi."

"Basi tengenezeni gari lenu. Nitarudi kupanga foleni."

Foleni ilikuwa juu, karibu na mlima, na magoti ya shangazi hayakuwa tena ya kupandia popote. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomuuma seremala. Aliingia karakana, akatoka na patasi yake nyembamba kuliko zote, akaichukua gasketi mpya.

Makanika alimwambia gasketi si mlango. Haikatwi pale unapopenda. Seremala alijibu kwamba ukipiga mlango bila kuacha nafasi ya hewa, utakuja kuukwamua kwa shoka. Walibishana hadi mke akawakata kauli: atabeba madumu ya maji nyuma ya gari, na atajaza rejeta kila anaposimama, kabla mshale wa joto haujapanda. Gari analiendesha yeye, si wao. Seremala alichonga mfereji mwembamba kama uzi, kutoka tundu la maji hadi ukingo wa silinda ya tatu. Makanika aligeukia ukuta mpaka kazi ikaisha, ili siku akiulizwa aweze kusema hakuona.

Bolti walizikaza kuanzia katikati kwenda pembeni, mzunguko baada ya mzunguko. Injini iliwaka, mshale ukatulia mahali pake, na maji kwenye rejeta yakaanza kushuka taratibu. Shangazi alipiga simu kusema sabuni imetoka.

Majirani wa bondeni walianza kupeleka ndoo zao kwa shangazi, na mke wa seremala akaanza kuzunguka njia ndefu hata akiwa hana mzigo. Baadaye idara ya maji ilimtuma mkaguzi kuhusu malalamiko ya miaka yote. Alifungua bomba la shangazi, maji yakatoka. Alinawa mikono, akainusa, akaripoti kwamba mtaa wa bondeni unapata maji, tena ya moto. Mpango wa kurudisha bomba kuu ukafutwa.

Shangazi aliwapa habari hizo asubuhi, kupitia rejeta. Mke wa seremala alikuwa ameshika kifuniko mkononi. Alikasirika, lakini madumu yalikuwa tayari na mzigo ulikuwa umeshafungwa kamba. Ulikuwa mlango wa nyumba moja ya mlimani, yenye mpira unaomwagilia majani mchana kutwa.

"Leo napanda kule juu," alisema. "Gari hunywa sana kwenye ule mlima."

"Vizuri," ilisema sauti ya shangazi. "Nina nguo nyingi."