Akiba ya Mshono

Jumamosi asubuhi, baada ya kutia mafuta cherehani na kumaliza pindo la pazia la mteja, fundi wa magauni aliinuka kwenda kuchemsha maji, na ngozi yake haikuinuka naye. Ilibaki kitini, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuulizia suruali yake.

"Imeachia," alisema fundi suruali, mwenzake wa mashine ya pili, pini zikiwa bado mdomoni.

"Nesi alinionya."

Alionywa kweli. Miezi saba nyuma, juu ya mizani ya zahanati, nesi alimhesabia kwa vidole: nusu kilo kwa wiki, ikizidi sana kilo moja. Mayai, maharage, maji ya kutosha. Na kunyanyua vitu vizito mara tatu kwa wiki, ili misuli ijae pale mafuta yanapohama.

"Ngozi haikimbizwi, dada yangu. Mafuta yakitoka mbio, yenyewe inabaki nyuma imezubaa."

"Itachukua muda gani?"

"Kwa kilo zako hizo? Miaka miwili."

"Picha ni mwezi wa nane, nesi."

Nesi akaandika kitu kwenye kadi, akamwita anayefuata.

Picha yenyewe ilikuwa ya mama yake kutimiza miaka sabini. Ya sitini ilikuwa bado ukutani kwa mama, juu ya kochi: mama katikati, dada mkubwa kulia kwake, watoto wa dada wamepangwa kama vikombe kabatini, na pembeni kabisa bega moja na mikoba minne. Bega ni la fundi. "Wewe Bonge shika mikoba, utatujazia picha," dada alisema siku ile. Watu wakacheka, na fundi akacheka kuwashinda wote, mwili mzima ukitikisika, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika ukoo.

Safari hii alitaka kusimama kushoto kwa mama. Basi. Kwa ajili hiyo alikunywa supu ya kabichi asubuhi na jioni, katika chumba chenye kiti kimoja, na hakunyanyua kitu kizito kuliko pasi. Alikataa mialiko mitatu ya chakula. Wa nne haukuja.

Chini ya ngozi iliyoachia alikuwa na nyingine, nyembamba kama bitana, iliyomkaa sawasawa. Fundi suruali alichukua mkasi.

"Nikate?"

"Usikate. Nitaikunja kwa ndani, niache akiba."

Ndiyo sheria ya duka. Nguo ya mtu ikiletwa kupunguzwa haikatwi, kwa sababu mwenyewe anaweza kunenepa tena akarudi kudai kilicho chake. Fundi akaandika KUPUNGUZA kwenye kipande cha karatasi, akakibana begani pa ngozi kwa pini.

Kulikuwa na kitu kingine cha kupunguza. Magauni yote ya kijani ya familia ya kupigia picha yalikuwa tayari, isipokuwa lake. Alilikata mwezi wa kwanza kwa vipimo vyake vya zamani kwenye daftari, kwa mazoea tu, na kwa kuwa kila wiki alipungua zaidi, aliahirisha kulipunguza hadi Jumamosi hiyo, siku yenyewe ya picha. Akaivalisha ngozi ile gauni ili alinyooshe kwanza. Dukani hapakuwa na umbo jingine la upana huo. Mvuke wa pasi ukaingia kupitia shingoni, ngozi ikajaa taratibu, mashavu yakarudi mahali pake.

Hapo hapo dada mkubwa akaingia na funguo za gari mkononi.

"Bonge! Umeshavaa? Leo lazima mvua inyeshe!"

Ngozi ikatikisika kwa mvuke. Dada akaridhika, hakuwahi kungoja jibu zaidi ya hilo.

"Shikamoo, dada," alisema fundi kutoka nyuma ya meza ya pasi.

"Marahaba. Ndiye fundi mpya huyu?"

"Ni yuleyule," alisema fundi suruali.

"Haya, karibu kazini." Dada akang'oa kile kikaratasi begani bila kukisoma, akaishika ngozi mkono na kuivuta. Ilikuja kama puto. "Ala! Bonge, umepungua wewe!"

Neno hilo fundi alilingoja miezi saba. Alilisikia vizuri, akiwa hatua mbili tu kutoka lilipotua.

"Na wewe fundi, njoo na sindano na uzi, kisije kikafumuka kitu huko."

Fundi akachukua mkoba wake, akaenda.

Mama alikuwa ameketi uani kwake, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Fundi akapiga magoti mbele yake.

"Mama, ni mimi."

"Karibu, mwanangu," alisema mama, akamshika mkono kwa upendo kabisa. Lakini mama alimwita kila mtu mwanangu, hata msoma mita ya maji.

Kushoto kwa mama palikuwa wazi. Fundi akasimama hapo.

"Samahani, fundi, hapo pa familia," alisema dada, akimpa simu. "Hebu tupigie. Nipe huo mkoba usikusumbue. Bonge, shika mikoba, utatujazia picha."

Wote wakacheka. Ngozi ikatikisika.

Ndani ya kioo cha simu fundi aliona ngozi inakatwa nusu.

"Asogee kidogo ndani," alisema. "Anakatika."

"Mwache, hapo panamtosha."

Fundi akapiga tatu, kwa usalama.

Jumatatu ngozi ilirudi kwenye kiti chake dukani. Wateja wanaingia, wanaitania, inatikisika, wanatoka wamefurahi. Fundi anashona mezani pa pasi, akiwa amesimama. Bado hajaikunja.

Picha mpya iko ukutani kwa mama, juu ya kochi. Mama katikati, dada mkubwa kulia kwake, watoto wamepangwa kama vikombe virefu zaidi, na pembeni kabisa bega moja na mikoba mitano. Wa tano, ule wenye sindano imechomekwa kwenye mkanda, ni wa fundi.