Blanketi la Mikono Minne

Mjukuu wangu alizaliwa njiti, akakaa hospitali wiki tano. Wiki hizo nyumbani tulikuwa bibi wawili: mimi, mama wa baba yake, na bibi mwenzangu, mama wa mama yake, aliyekuja kwa ndege kutoka nchi nyingine kumsaidia binti yake. Yeye hakujua neno la kwetu, nami la kwao sikulijua. Tulikuwa tukisalimiana kwa kutikisa vichwa kama mijusi.

Siku moja kabla ya mtoto kuruhusiwa, mkwe wangu alinipigia simu kutoka wodini, analia.

"Mama, mama yangu anataka kuondoka kesho kutwa, tukishamleta mtoto tu. Anasema kazi zote unamnyang'anya, amekaa hapo kama kiti."

Niliona haya. Kila akishika sahani nilimpokonya, nikidhani ndio ukarimu. Asubuhi hiyohiyo aliosha vikombe kabla sijaamka, nami nikavirudia vyote mbele ya macho yake. Alinisogezea taulo tu, nikaushe mikono.

Nikatoa uzi mnene wa sufu na jozi mbili za sindano za kufumia, nikampelekea. Nikamwonyesha kwa ishara: wewe nusu, mimi nusu, tutaunga, blanketi la mtoto. Macho yakamng'aa. Akatandaza viganja kuuliza: upana kiasi gani?

Nikamkunjia ngumi mara nne. Kwangu ngumi ni tano, kwa hiyo vitanzi ishirini kwenye sindano. Akaitikia, akaingia chumbani kwake, mimi nikabaki sebuleni. Tukafuma mchana kutwa, kila mtu kwake.

Asubuhi tukaleta vipande vyetu pamoja kwenye kochi. Lo! Changu kilikuwa kama skafu ya shuleni. Chake kingemfunika mlinzi wa geti, abaki na cha kujifutia jasho.

Akanywea. Akavuta ncha ya uzi, aanze kufumua. Nikamshika mkono.

"Subiri, dada yangu! Usifumue!"

Nikakunja ngumi, nikafungua kidole kimoja kimoja: "Moja, mbili, tatu, nne, tano." Akatikisa kichwa. Akauchukua mkono wangu, akapitisha kidole gumba chake kwenye pingili za vidole vyangu: tatu hapa, tatu pale, vidole vinne, pingili kumi na mbili. Gumba halihesabiwi, lenyewe ndilo karani. Kumbe ngumi zangu nne kwake zilikuwa vitanzi arobaini na nane!

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Naye akaanza kuhesabu kwa sauti kwa lugha yake, anifundishe, nami nikamfuata kwa kwetu.

"Wahid, ithnen, thalatha, arba, hamsa."

Mpaka hapo tulikuwa kama majirani wasiosemezana. Kisha akasema, "Sitta."

"Sita!" nikasema.

Tukatazamana.

"Saba?" akauliza, kwa woga.

"Saba!"

Akaruka kutoka kwenye kochi. Kwenye nane tukaachana, tisa tukakutana, kumi tukapotezana tena. Ishirini tukakumbatiana. Nimehesabu vitanzi tangu usichana wangu, sikujua kwamba baadhi ya namba zangu zina ndugu ng'ambo.

Chake kikawa blanketi, changu tukakikunja kuwa kofia ya mtoto kwenye pembe ya blanketi hilo. Yeye ndiye aliyeshona, mimi nilishika uzi tu na kunyamaza. Kunyamaza huko si mchezo, lakini niliweza.

Gari lilipofika tulikuwa tunapigiana kelele. Mwanangu akaingia na mkewe, amebeba mtoto, katoa macho.

"Mama, mnagombana?"

"Sitini!" nikamjibu.

"Sittin!" bibi mwenzangu akadakia, akampokea mtoto, akamfunga blanketi hadi puani. Kisha akamwambia binti yake maneno mengi kwa mkupuo. Mkwe wangu akafuta machozi, anacheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema tikiti ibadilishwe. Hawezi kumwacha mjukuu wake kwa mtu anayepunja vitanzi saba katika kila mkono."

"Mwambie na mimi siwezi kumwachia anayesahau gumba!"

Mkwe wangu akatafsiri. Bibi mwenzangu akaangua kicheko, mtoto akaamka.