Supu ya Ndimu, Barabara ya Tisa

Kwa miaka kumi na mmoja Mselem hakuujua wivu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwonea. Hoteli yake ilikuwa Barabara ya Tisa, Ngamiani, na pilau yake ilijulikana mpaka Pongwe. Makarani wa reli walikula kwake, wapagazi wa bandarini walikula kwake, na watu wa Maramba walioleta mizigo mjini walipita kwake kwanza kabla ya kwenda kokote.

Mwaka wa hamsini na nne, masika yalipokuwa yanakatika, Bibiana akafungua hoteli ng'ambo ya barabara. Alikuwa mjane, Mkatoliki, ambaye marehemu mumewe alikuwa mkata mkonge shambani kwa Wagiriki. Yeye mwenyewe alipika jikoni kwa familia moja ya hao Wagiriki miaka kumi na miwili. Waliporudi kwao, mapishi yao yalibaki mikononi mwake. Jumatatu na Alhamisi alikuwa na makaroni ya kuoka, nyama ya kusaga katikati, maziwa mazito juu yamekauka rangi ya kahawia, na harufu ya mdalasini ikitembea mtaa mzima. Supu alikuwa nayo kila siku: ya kuku, ina wali kidogo, imechanganywa mayai na ndimu mpaka ikawa nzito na laini.

Mselem mwanzoni alicheka. Halafu akaanza kusimama mlangoni. Akamwona fundi cherehani akivuka, kesho yake wapagazi wawili, keshokutwa mpaka muuza kahawa aliyekuwa akila kwake kwa mazoea tu. Lakini aliyemuumiza zaidi ni Miraji, karani wa reli, rafiki yake, aliyekalia benchi la pembeni tangu siku ya kwanza. Miraji hakumficha. Alimweleza kwamba wakati wa vita, alipokuwa askari kule Uhabeshi, alikula makaroni pamoja na wenzake ambao wengine hawakurudi, na kwamba akila yale ya Bibiana huwa kama anakaa nao tena.

"Jumatatu tu, ndugu yangu," alisema. "Pilau yako sijaiacha."

Hilo neno "Jumatatu tu" lilimkaa Mselem kooni kama mwiba wa samaki. Lilikuwa kama neno la mke anayemwambia mumewe kwamba siku moja tu kwa juma atalala kwa mwingine. Akajaribu naye kupika makaroni. Yakatoka uji. Wateja wakala kwa adabu bila kusema kitu, na adabu ile ikamchoma kuliko matusi.

Nyumbani kulikuwa na faraja moja. Mama yake, Bi Sabiha, aliyelazwa na homa masika yote na kusukuma mbali kila sahani, hata pilau ya mwanawe, alikuwa ameanza kula. Asmahani, mkewe Mselem, alimwambia kwamba mama anapenda supu. Mselem akashukuru, hakuuliza zaidi.

Baada ya sala ya alasiri wanaume hukaa barazani mbele ya msikiti. Siku moja mmoja wao akayasifu makaroni ya Bibiana, akajiuliza ni kitu gani kinachoyafanya laini vile. Mselem akajikuta anajibu.

"Wagiriki hupikia mafuta ya nguruwe," alisema. "Na yeye kafundishwa na nani?"

Alijua si kweli. Bibiana alinunua samli duka lile lile analonunua yeye, na nyama na kuku wake walichinjwa na mchinjaji yule yule, Mwislamu. Mselem alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Lakini neno lilishatoka, na juma halikwisha kabla meza za Bibiana hazijabaki tupu, isipokuwa Wakristo wachache wa mashambani wanaokuja mjini Jumapili. Miraji akarudi kwenye benchi lake hata Jumatatu. Mselem alifurahi siku tatu. Siku ya nne akagundua kwamba bado anasimama mlangoni, anatazama ng'ambo.

Siku hiyo alirudi nyumbani mchana, akamkuta mama yake ameketi mkekani na birika la maji, anasukutua kinywa. Tangu jana hakuwa amekula. Asmahani alisimama karibu na mlango, macho chini, akamweleza yote. Supu ilikuwa ya Bibiana. Mama hakuweza kumeza kitu kingine, naye Asmahani aliogopa kumwambia mumewe. Habari ya nguruwe ilipomfikia, hakuona jinsi ya kumficha mkwewe jambo la dini.

"Mwanangu, nimekula haramu mwezi mzima, na umri wangu huu," alisema Bi Sabiha. "Ni nani aliyeyaona hayo mafuta?"

Mselem angeweza kusema ni maneno ya watu. Alimtazama mama yake midomo ilivyomkauka, akashindwa.

"Hakuna aliyeyaona, mama. Ni mimi niliyesema. Nilisema uongo kwa wivu."

Bi Sabiha aliliweka birika chini. Kisha akamwambia aende akaseme pale pale alipousemea huo uongo, na akitoka huko apite kwa Bibiana amletee supu.

Alasiri ile Mselem akasema, mbele ya watu wale wale. Wengine walicheka, wengine waliinuka bila kuaga. Miraji alimtazama tu. Kutoka hapo akavuka barabara, kwa mara ya kwanza.

Bibiana alikuwa anafunga masufuria kwenye vikapu. Ndugu yake alikuwa amempatia chumba Muheza, karibu na kituo cha mabasi. Mselem akamweleza alichosema, na alichokwisha kusema sasa hivi barazani.

"Nilikuwa nakuona mlangoni kila siku, Bwana Mselem," alijibu Bibiana, bila kuacha kufuta sufuria. "Nikidhani siku moja utavuka uje uonje, mpishi kwa mpishi."

Mselem alipomwambia kuhusu mama yake, Bibiana aliwasha moto upya, kwa sababu ya mgonjwa, akasema, wala si kwa sababu yake. Supu ilipoiva akamsogezea bakuli dogo. Mselem akaonja, na pale pale, aibu ikiwa bado usoni, wivu ukampanda tena. Alijua kwamba kwa miaka yake yote jikoni hakuwahi kupika kitu chenye upole kama kile.

Bibiana hakubadili nia. Alikwenda Muheza, na huko wasafiri wakamjaa. Kabla ya kuondoka alimfundisha Asmahani ile supu, Asmahani peke yake, na Bi Sabiha akapata nguvu mpaka akaweza kutembea tena. Miraji aliendelea kula kwa Mselem, ila mazungumzo yao ya zamani hayakurudi yote. Na mteja akiulizia supu ya ndimu, Mselem humwelekeza Muheza, aulize hoteli ya Bibiana. Huwa analisema hilo jina, lakini halimtoki kwa urahisi.