N ya Ndiyo

Mchezo wa Falme ulikuwa na tabia moja mbaya: ukishaingia, haukuachi utoke. Umelima mashamba yako, umelisha askari wako, umemwibia jirani ng'ombe, umechoka, unataka ukapike. Mchezo unakuuliza kwa adabu zote, "Unataka kuondoka? (N/H)". Unabonyeza N, unajikuta bado uko shambani. Unabonyeza tena, uko palepale. Mwishowe kila mchezaji alizoea kukata laini na kutokomea bila kuaga, na Opereta, mwenye mchezo, hakuona ubaya. "Ni ukarimu," alisema. "Mwenyeji gani anamwachia mgeni aende pale pale anapoaga?"

Opereta lilikuwa jina la kazi, na kazi yenyewe ilikuwa imekwisha. Maisha yake yote alikuwa amekaa kwenye ubao wa simu wa hospitali kubwa, akichomoa waya hapa na kuchomeka pale, maneno yaleyale mdomoni kutwa: "Opereta hapa. Nikuunganishe na nani? Subiri kwenye laini. Umeunganishwa, sema." Ubao ule uling'olewa ukutani, mashine ikaanza kupokea simu peke yake, na yeye akapewa saa ya ukutani na cheti. Akarudi nyumbani, akaitazama ile saa mpaka akachoka nayo, kisha akafungua ubao wake mwenyewe.

Ubao huu wa pili ulikuwa kompyuta kuukuu yenye mgongo mnene, iliyokaa chumba cha nyuma kati ya meza ya pasi na kabati la shuka. Watu waliipigia kwa mtandao kutoka majumbani mwao, wakakuta skrini nyeusi yenye maandishi ya kijani, basi. Hakuna picha. Humo walisoma matangazo, wakaandikiana, wakacheza michezo ya zamani ambayo kijana wa leo akiiona anauliza kama kompyuta imeharibika. Aliingia mtu mmoja mmoja. Mwingine akipiga aliambiwa asubiri kwenye laini. Opereta akiketi pale aliona kila herufi anayobonyeza mchezaji, na mchezaji akitaka kusema naye alipiga kengele, kompyuta ikalia. Wapo waliopiga kengele kuulizia dawa ya mafua, maana mtu akifanya kazi hospitali, hata kwenye simu, kwa majirani huyo ni nusu daktari.

Falme ilikuja ikisema Kiingereza. Opereta aliitafsiri mwenyewe, sentensi moja baada ya nyingine, akifungua tumbo la mchezo na kubadilisha maneno humo kwa uangalifu wa mtu anayetoa mwiba, kwa sababu ukizidisha herufi hata moja mchezo unagoma kuwaka. Kazi ile alijivunia kuliko cheti. Ukimsifia Falme, chai unakunywa na vitafunio juu.

Miongoni mwa wachezaji alikuwamo mmoja aliyejiita Wembe. Huyo alikuwa mdogo wake Opereta, kinyozi kwa kazi, wametoka tumbo moja. Na walikuwa hawasemezani.

Kilichowagombanisha ni neno. Siku ya kumuaga Opereta kazini, Kinyozi alisimama kutoa salamu za familia. Sasa Kinyozi ulimi wake umenolewa kuliko vifaa vyake. Kwenye kiti chake watu hunyolewa nywele na heshima kwa pamoja, wakatoka wanacheka. Akasema, "Dada yangu hakuolewa, na msishangae. Mwanamke aliyesikiliza simu za wanaume wa mji mzima, atamwamini yupi?" Ukumbi ukavunjika mbavu. Opereta naye alicheka, lakini kwa meno tu. Yeye, ambaye tangu aanze kazi hakuwahi kubaki kwenye laini baada ya kuunganisha watu, hata siku daktari mkuu alipogombana na mkewe mpaka wagonjwa wakasikia bila simu! Ilimuuma, tena ilimuuma zaidi kwa kuwa aliyeyasema alikuwa ndiye anayejua ukweli kuliko wote. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wakubwa hawakukosea.

Kinyozi hakuja kuomba radhi. Wanaume wa ukoo ule, neno samahani huwakwama kooni kama mwiba wa samaki. Alichofanya ni kujiandikisha kwenye Ubao, yeye ambaye kompyuta aliijua kwa kupigia muziki dukani, akajiita Wembe, akajenga ufalme wake jirani na wa dada yake. Kisha akatuma ombi. Opereta alipoingia alikuta: "Wembe anaomba amani. Unakubali? (N/H)". Macho yakamlowa. Akabonyeza N, mchezo ukasema jibu limepelekwa, na siku hiyo alipiga pasi shuka zote za nyumba akiimba.

Kesho yake Wembe alimvamia, akamchomea ghala la nafaka.

"Ananidhihaki," Opereta alisema peke yake mbele ya skrini. "Mkono mmoja amani, mkono mwingine kiberiti." Akamlipiza kwa kuswaga ng'ombe wote wa Wembe. Mwaka uliofuata ombi likaja tena, na safari hii alibonyeza H kwa kidole kizito hadi kibao cha herufi kikaruka. Tangu hapo ikawa vita kila siku, asubuhi huyu, mchana yule. Aliyenufaika ni Mfamasia, jirani yao na mchezaji wa siku nyingi. Si tunaambiwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime? Basi yeye alichukua jembe akalima kweli, kwenye mashamba yao wote wawili.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi wiki ya harusi. Binti wa Kinyozi, aliyelelewa nusu kwao na nusu kwa shangazi yake, alikuwa anaolewa Jumamosi. Alhamisi alikuja kwa Opereta na mfuko wa viatu, akavua vya njia, akavaa vya harusi ili avilainishe, akawa anatembea navyo ndani ko-ko-ko huku anaongea.

"Shangazi, kiti chako kiko mbele, pembeni ya baba. Nikiingia nikakikuta kitupu, nitageuka nirudi nilikotoka. Bwana harusi ataoa meza."

"Mimi siendi kukaa na mtu ambaye hajaniomba radhi."

"Baba anasema alikuomba. Mara mbili. Ukamkatalia mara mbili."

"Aliomba wapi?"

"Humo." Binti alielekeza kidole chumba cha nyuma.

Opereta aliweka kikombe chini. "Mwanangu, mara ya pili nilikataa, sikufichi. Mara ya kwanza nilimkubalia kwa moyo wangu wote. Kesho yake akanichoma."

"Yeye anasema alichoma kwa hasira, kwa sababu ulimkatalia. Anasema alilala bila kula siku ile, na baba kulala bila kula unajua ni msiba."

"Mwongo baba yako."

"Na yeye anasema hivyohivyo juu yako, kwa neno hilohilo. Hebu nionyeshe huu mchezo unaotaka kuniharibia harusi."

Wakaingia chumba cha nyuma. Binti akaingia Falme kama mgeni, akapewa kiwanja na askari wenye njaa, na kabla shangazi yake hajamaliza kueleza, alikuwa ameshamwibia baba yake ng'ombe. Opereta akafurahi kidogo, Mungu amsamehe. Kisha binti akatazama saa, viatu vinambana, anataka kwenda. Mchezo ukauliza kama anataka kuondoka. Akabonyeza N. Bado yuko. Akabonyeza N tena.

"Kata laini tu," Opereta alisema. "Huwa haukubali kumwacha mgeni."

"Mimi nimeuambia ndiyo, utanikataliaje?" Binti alikuwa na kichwa cha baba yake. Akaanza kubonyeza vibao vyote, mstari wa juu wote, kama mtu anayechambua mchele kwa hasira. Ghafla skrini ikasafishika, ikaandika: "Kwaheri, rudi tena."

Opereta alikuwa hajawahi kuyaona maneno yale yakitokea. Aliyatafsiri yeye, lakini hakuwahi kuyaona.

"Umebonyeza nini?"

"Sijui. Vyote."

Wakaingia tena, wakajaribu kibao kimoja kimoja. Kilichofungua mlango ni Y. Binti akakitazama, akamtazama shangazi yake, akakaa kwenye meza ya pasi.

"Shangazi. Y ni ndiyo ya Kiingereza."

"Najua."

"Na hapana ya Kiingereza inaanza na N."

Opereta aliinamia skrini. Alikuwa ameubadilisha mchezo mdomo, ukasema Kiswahili safi kabisa. Masikio hakuyagusa. Miaka yote ile mchezo ulikuwa unauliza kwa Kiswahili na kusikiliza kwa Kiingereza: ukiuambia N ya ndiyo, wenyewe unasikia hapana. Wageni walikuwa hawang'ang'aniwi kwa ukarimu wowote. Walikuwa wanasema wenyewe kuwa hawaendi. Na yeye, kwa kidole chake, huku machozi yanamlenga, alimwambia mdogo wake hapana.

"Maskini," alisema, na haikujulikana anamsema nani. "Alilala bila kula."

"Mpigie simu."

Alishika simu, akairudisha mezani. Utaanzaje kumwambia mtu uliyemnunia miaka yote hiyo kwamba lilikuwa kosa la herufi? Kinyozi angepata la kuchekeshea wateja wake mpaka kiama. Tena kuna jambo jingine: yeye aliombwa humo ndani. Mtu hujibiwa palepale alipoulizia.

Binti alipokwenda zake, Opereta alifungua tumbo la mchezo. Masikio yake hakuwa na ujuzi wa kuyabadilisha, maneno aliweza. Alilitafuta lile swali la amani na kuliandika upya, akihesabu herufi kwa kucha mezani zisizidi. Ilibidi Y iwe na maana, na N iwe na maana, tena kwa Kiswahili cha mama yao. Alifuta, akaandika, akafuta. Alipolipata akacheka peke yake, akaingia kwenye ufalme wake, ambamo alijiita Malkia wa Laini, na kutuma ombi kwa jirani.

Ijumaa mchana, saa ambazo kinyozini hakuna watu, Wembe alipiga. Opereta alikuwa ameshakaa, miwani usoni, mikono mapajani. Aliona skrini ya mdogo wake kama mdogo wake mwenyewe anavyoiona:

"Malkia wa Laini anaomba amani.
Y = Yaishe, N = Nimenuna."

Hakuna herufi iliyokuja. Alama ya kijani iliwaka, ikazima, ikawaka. Opereta aliogopa kama alivyowahi kuogopa siku ya kwanza kazini, waya mkononi na taa zote za ubao zinawaka. Kama angebonyeza N safari hii, ingekuwa N ya kweli, na hakungekuwa na Kiingereza cha kusingizia. Akafikiri amkatize, amwandikie kitu, aeleze. Lakini opereta hakatizi watu. Akasubiri kwenye laini.

Ikaja Y.

"Amani imekubaliwa," mchezo ulisema. Na papo hapo kengele ikalia. Wembe hakuwahi kupiga kengele tangu ajiandikishe, hata siku aliposahau neno lake la siri. Alijiandikisha upya kwa aibu, akaitwa Wembe Mpya kwa muda. Opereta alivuta kibodi karibu. Vidole vikashika njia yao ya zamani.

"Opereta hapa. Nikuunganishe na nani?"

Kisha herufi zikaja polepole, za mtu anayeandika kwa kidole kimoja.

"Niunganishe na dada yangu. Nilimsema vibaya mbele za watu kuhusu kazi yake. Hakuwahi kusikiliza simu ya mtu."

"Subiri kwenye laini," Opereta aliandika, akaenda kuchukua shuka moja kabatini, akafutia uso, maana leso ilikuwa mbali. Alirudi, akakaa.

"Umeunganishwa, sema."

"Dada, binti kaniambia habari ya N. Nimecheka, nimelia, nimemkata mteja sikio kidogo. Nilidhani hunitaki."

"Na mimi nilidhani unanicheka."

"Nani mjinga aliyetafsiri mchezo huu?"

"Mwenye mchezo. Anauza ng'ombe wako pia, ukitaka."

Opereta akajua bila kuona kwamba Kinyozi anafuta macho kwa taulo la wateja. Kisha Kinyozi akaandika, herufi moja moja: "Kesho utakaa na mimi mbele? (N/H)"

Kidole cha Opereta kilishuka juu ya N, kikasita, kikarudi nyuma. Akaiweka mikono yote miwili juu ya kibodi, akaliandika neno zima, mpaka o ya mwisho.