Maji ya Jumatatu

Ukurasa wa kumi na nne wa ripoti ya mwaka ulikuwa na samaki. Samaki wa kuchorwa, mnene, anayecheka, na chini yake maandishi ya kijani: maji yanayotoka kiwandani petu yametimiza kiwango kwa asilimia mia moja. Mpima maji aliutazama ukurasa huo. Mahali pa sahihi yake palikuwa pameachwa wazi.

"Tia hapo, mama," alisema mkuu wa ripoti, mtu mpole mwenye sauti ya kubembelezea watoto. "Kesho kutwa wadau wanakuja. Wenye hisa, watu wa benki, majirani, wote. Na ukurasa wanaoupenda ni huu wako."

Kilemba hicho cha ukoka alivishwa kila mwaka, naye kila mwaka alishukuru.

Asilimia mia haikuwa uongo, na hapo ndipo palipomchoma. Kila namba aliichota mwenyewe, kwa chupa zake, kwenye mfereji ulio nyuma ya kiwanda hicho cha kutia vitambaa rangi. Mwezi wake wa kwanza kazini maji ya moto yalimrukia yakamwingia kwenye buti, na msimamizi wa zamu akamwonea huruma. "Uwe unakuja Jumatatu ya kwanza ya mwezi," alimwambia. "Siku hiyo mitambo inatengenezwa, matangi yamelala." Huruma ikawa mazoea, mazoea yakaingia kwenye ratiba, ratiba ikapigwa muhuri. Miaka kumi na miwili alikuwa akipima maji ambayo hayajaguswa na rangi, kisha anarudi nyumbani na miguu mizima.

Wiki iliyopita dada yake, anayeishi upande wa chini wa daraja, ambako mfereji huo unaingia mtoni, alimwita jikoni akamwonyesha mikono. Ngozi ilikuwa imebabuka hadi kwenye viwiko. Dada huyo hufua nguo za watu mtoni hapo, na kwa mikono hiyo amesomesha watoto watatu.

"Si wewe unayeyapima haya maji?" dada aliuliza.

"Ni mimi."

"Na yako salama?"

Aliaga kabla chai haijachemka. Jumatano akaomba ruhusa ya siku moja, akabeba chupa zake, akaenda mferejini mitambo ikinguruma. Majibu ya maabara yalionyesha sumu ya rangi mara tisa ya kiwango kinachoruhusiwa.

Sasa aliiweka karatasi ya majibu hayo juu ya samaki. Mkuu wa ripoti aliisoma polepole, bila kushtuka, na kule kutoshtuka kwake kukamweleza mpima maji mengi.

"Hiki kimepimwa Jumatano," alisema.

"Ndiyo."

"Ratiba inasema Jumatatu. Kipimo cha nje ya ratiba si kipimo, mama. Funika kombe, mwanaharamu apite."

Hasira zilimpanda hadi masikio yakawa ya moto. Alimchukia mtu huyu na upole wake, akaichukia karatasi nzuri inayoteleza, akaichukia rangi ya kijani. Lakini aliyemchukia kuliko wote alikuwa mwanamke mmoja mwenye buti kavu. Akachukua kalamu. Juu ya mstari wa sahihi akaandika kwa mkono, herufi kubwa: VIPIMO VYOTE VIMECHUKULIWA SIKU AMBAZO MITAMBO IMEZIMWA. Kisha akatia sahihi.

Mkuu wa ripoti alivua miwani.

"Mwenye akili hujipalia makaa namna hii?" Sauti ilikuwa ile ile, ya kubembeleza. "Miaka kumi na miwili, kila mwezi sahihi yako. Hizo ni mia moja arobaini na nne. Wadau hawatauliza kiwanda kilifanya nini. Watauliza, huyu mpimaji alikuwa hajui?"

Alinyoosha mkono auchukue ukurasa. Mpima maji akaubana mezani kwa kiganja, akabonyeza mpaka vidole vikapauka. Alifikiria mshahara, akafikiria kodi ya nyumba, akafikiria jinsi dada atakavyomtazama akisikia yote, maana yote yangesikika.

"Alikuwa anajua," alisema.



Nafasi iliyobaki chini ya sahihi ilikuwa ndogo, upana wa kidole hivi. Mpima maji aliinama, akaanza kuliandika na neno hilo.